Besi Iliyokalafatiwa

Lima, 14 Februari 1988

Baba,

Besi imefika salama. Binamu Elvio aliibeba mapajani safari nzima ya ndege, imefungwa ndani ya lile shuka lako la maua, na aliposhuka nayo kwenye basi la mjini mama mmoja alisimama akampa kiti, akidhani amepakata mtoto mchanga. Elvio hakumsahihisha. Alikaa.

Nimeifungua kwenye meza ya karakana. Bwana Teófanes, mwenye karakana, alisogea na miwani yake, akaizunguka, kisha akaniuliza, "Binti, hii ni gitaa au mtumbwi?"

Baba, umeikalafati! Mshono wote wa ubavu wa kushoto umejazwa sandarusi na nyuzi za gome, ukapakwa lami juu yake, vilevile mnavyoziba mitumbwi pale mtaani kwetu Belén. Hii ni besi ya mbao nyembamba kama kaukau, yenye tumbo wazi, iliyotengenezwa Ulaya kabla sijazaliwa. Gundi iliachia kwa unyevu, naelewa. Lakini mtu hakalafati gitaa. Nimeshinda siku nzima nikichokonoa lami kwa patasi iliyopashwa moto, na karakana yote inanuka bandari.

Mengine ni haya. Nyaya za ndani zimeoza. Vinasa sauti viwili, kimoja kimekufa na cha pili kinakoroma. Funguo za kukazia nyuzi zinateleza. Daraja limekunjwa na mtu kwa koleo, na mtu huyo namfahamu. Na kwenye bega la juu la besi, pembeni kabisa, kuna vishimo vidogo vidogo vimejipanga mstari. Panya? Nitaviziba.

Nimeelewa pia ulichoandika kuhusu Mjomba Wagner. Bendi yenu, Pomboo wa Itaya, haitapanda jukwaani sikukuu ya San Juan mwezi Juni na besi inayonguruma. Ama itulie, ama mahali pako anasimama yule kijana Nilo na besi yake ya ubao mzima, isiyo na tumbo. Usihofu. Kunguruma kuna sababu na kuna dawa: sauti ya spika inaingia tumboni mwa besi, tumbo linatetemeka, linairudisha kwenye spika, na mzunguko haukomi. Nitalijaza tumbo sufi, nitafunika yale matundu mawili ya kifuani, na itatulia kama jiwe.

Jumapili tatu nimepiga simu dukani kwa Shangazi Lastenia saa tuliyokubaliana. Kila mara ananiambia umetoka sasa hivi. Unatoka kwenda wapi, Baba?

Zarela


Iquitos, 27 Februari 1988

Mwanangu Zarela, mama yangu kipenzi,

Mwambie huyo Bwana Teófanes kwamba huku kwetu kitu cha mbao kikiachia mshono kinatiwa kalafati, na hakizami. Miaka minne imekaa hivyo na haikuingia hata tone. Ningeipeleka kwa nani? Fundi wa magitaa aliyekuwa Iquitos siku hizi anatengeneza majeneza, anasema wateja wake wa sasa hawarudi kulalamika.

Nyaya badilisha. Vinasa sauti badilisha, weka vya kisasa, vyenye nguvu, sina neno. Funguo sawa. Daraja nililikunja mimi, sasa likunjue wewe uliyesoma.

Lakini tumbo usilijaze. Wala usifunike matundu. Lisikie hilo neno langu, ni moja tu. Iache wazi kama ilivyozaliwa.

Vishimo ni panya, ndiyo. Belén kuna panya wenye meno kama mapadri wa kale.

Kuhusu simu, shangazi yako duka lake lina kelele, watu wanapima mchele, kasuku anatukana, mimi sipendi kuzungumza na mwanangu mbele ya kasuku. Andika. Una mwandiko mzuri, na barua naweza kuisoma mara nyingi nitakavyo.

Kula. Sikuzaa kijiti.

Baba yako,
Rildo Ahuanari


Lima, 12 Machi 1988

Baba,

Umeandika "usilijaze" na hukuandika kwa nini. Nimeisoma barua yako mpaka karatasi imelegea mkunjoni, nikitafuta sababu, na sijaiona.

Wewe ndiye uliyenitoa Iquitos. Wenzangu wakifundishwa kushona, wewe uliniambia, "Nenda ukajue umeme unapita wapi." Nimejua. Nilikaa darasani wanaume watupu, mwalimu ananiuliza kila wiki kama nimepotea njia ya jikoni. Sikuondoka. Sasa mtu wa kwanza kuniletea kazi inayonihusu ni wewe, na mtu wa kwanza kuniambia niache nusu ya ninachokijua nje ya mlango ni wewe.

Kama ni kwa sababu mimi ni mwanamke, sema. Kama ungemsikiliza Bwana Teófanes, sema, nitamwomba akuandikie yeye, maneno yaleyale kwa mwandiko mbaya zaidi.

Nikueleze nilipofika. Mishono yote imefunguliwa, imesafishwa, imetiwa gundi ya ngozi na kubanwa na jiliwa. Lami nimeimaliza. Vinasa sauti nimevisuka mwenyewe, waya mwembamba kuliko unywele, ukipiga chafya unaanza upya. Nyaya nimezivika ganda la shaba ili zisinase mikwaruzo ya umeme wa taa. Funguo ni mpya. Vile vishimo vya panya nimevijaza unga wa mbao na gundi, nikapiga msasa, kisha vanishi ngumu juu ya besi nzima. Bega linang'aa. Ukipitisha kidole huwezi kujua palikuwa na kitu.

Na sufi nimeijaza, Baba. Nilijaribu bila sufi nikiwa nimefungua sauti nusu tu, ikanguruma hadi kopo la misumari likatembea mezani. Nikajaza, ikatulia. Nataka upande jukwaani San Juan. Nalitaka hilo kuliko nitakavyo kukutii.

Jumapili nilipiga tena. Kasuku ndiye aliyepokea.

Zarela


Iquitos, 25 Machi 1988

Zarela,

Besi yenye pamba tumboni ni godoro. Godoro ninalo.

Ukiirudisha imejazwa, usiirudishe. Kaa nayo huko, ning'iniza ukutani, wageni waisifu inavyong'aa.

Haihusu mwanamke. Haihusu Bwana Teófanes. Usiniulize tena.

Baba yako


Iquitos, 3 Aprili 1988

Binti yangu Zarela,

Naamini unanikumbuka, ni mimi Mjomba Wagner, wa gitaa la kwanza, niliyekuwa nakupa sarafu unyamaze wakati wa mazoezi. Nakuandikia bila baba yako kujua, na naomba ibaki hivyo.

Mimi na Rildo tuliianza Pomboo wa Itaya tukiwa na amplifaya moja na shati moja la jukwaani, tulikuwa tunapokezana. Kwa hiyo usidhani nasema kwa chuki. Baba yako amebadilika. Amekuwa na kiburi. Unamwita kwa nyuma, hageuki. Unamsalimu barabarani, anapita kama askofu. Kwenye mazoezi nasema "turudie mwanzo," yeye anaangalia mikono ya mpiga ngoma Artidoro, anaanza pale anapotaka yeye. Wengine wanasema ni pombe. Sijamnusa, lakini watu wanasema.

Tangu besi iende kwako tumemwazima ya Nilo. Mwanangu, nilitaka kulia. Mtu aliyekuwa anatembea na mdundo kama anatembea na mkewe, juzi Jumamosi amepotea kama mtoto sokoni. Yuko mbele ya wimbo, yuko nyuma ya wimbo. Nilo alicheka. Nilimpiga kofi, ila alikuwa na haki ya kucheka.

Na ile tabia yake ya kuinama na kulaza taya juu ya besi kama mtu anayeumwa jino, nayo haipendezi macho ya watu.

San Juan ni sherehe kubwa, mwaka huu tunapiga penye humisha, ule mti wa zawadi unaochezewa na kukatwa, ya manispaa yenyewe. Nakuomba umwambie apumzike. Kwako atakubali. Nitamfanyia sherehe ya kuagwa, kuku na muziki, kwa heshima zote.

Wako,
Wagner Shapiama


Lima, 11 Aprili 1988

Baba,

Leo nimekwangua vanishi ya bega la besi. Nimetoa unga wa mbao kwenye vile vishimo, kimoja kimoja, kwa sindano. Kisha nimeinama nikaweka meno yangu hapo.

Yameingia. Si sawasawa, kwa sababu taya lako ni pana kuliko langu, lakini yale mawili ya mbele yameingia kabisa, na pengo lako la upande lina pengo lake kwenye mti.

Nitakwambia nilichofanya ili usije ukaniambia nabahatisha. Niliziba masikio kwa nta, nikafunga kitambaa juu yake. Nikamwomba Bwana Teófanes apigepige meza, na sikumsikia. Nikauma bega la besi, nikagusa uzi mnene kuliko yote. Kulikuwa na sufi ndani. Nilisikia kitu kidogo, kama mtu anayeongea chini ya blanketi. Nikatoa sufi yote kwa ndoano ya waya, ikajaa karakana, tukawa kama tumechinja mto wa kulalia. Nikauma tena.

Baba. Kichwa chote kiliimba. Niliujua uzi niliougusa, nikajua nimeubana wapi, nikajua umekoma kulia lini. Ningeweza kupiga wimbo mzima hivyo.

Tangu lini?

Nimekaa sasa nikirudia mwaka mzima kichwani. Kasuku. Mchele. "Ametoka sasa hivi." Krismasi nilipokuja ulinisikiliza ukinitazama mdomoni, nami nikaona fahari, nikadhani hatimaye baba yangu ananisikiliza. Mwezi uliopita nilikuandikia kwamba hunisikilizi kwa sababu ni mwanamke. Uliisoma hiyo mara nyingi ulizotaka.

Sitaki kulia juu ya hili kwa sasa, nina kazi. Sikiliza, yaani soma. Sufi imetoka na hairudi. Vanishi ngumu naitoa yote, napaka nyepesi. Lakini bila sufi itanguruma, na ikinguruma umeondoka jukwaani. Lazima nipate kitu kitakachonyamazisha tumbo kwa spika na kulifungulia kwako. Nadhani nakijua: nguzo. Kijiti cha mbao kinachosimama ndani, chini ya daraja, kinachokaza kifua na mgongo wa besi pamoja. Kifua kitakuwa kigumu, hakitadakwa na spika kirahisi, na mtetemo wa nyuzi utashuka na nguzo hadi mgongoni, unapoegemea wewe. Violini zinayo. Sijawahi kuona besi ya umeme yenye hiyo. Mtu hakalafati gitaa pia, na wewe ulilikalafati.

Niambie unasikia wapi hasa mwilini mwako. Usione haya, mimi ni fundi wako.

Na umwambie Mjomba Wagner kabla ya San Juan. Anadhani unakunywa.

Zarela


Iquitos, 24 Aprili 1988

Mwanangu,

Nimeketi na barua yako nyuma ya nyumba, shangazi yako asinione usoni.

Masikio yangu yamekuwa yakitoa usaha tangu nilipokuwa mvulana wa kuzamia mtoni, unajua, sote tulikuwa hivyo. La kushoto lilifunga miaka sita iliyopita. La kulia limekuwa likifunga polepole, kama mtu mwenye adabu anayefunga mlango mkiwa bado mnaongea. Tangu mwaka jana ni kimya. Nasikia ndani ya kichwa changu tu, nikitafuna, nikikohoa, na besi.

Umeniuliza wapi, nakujibu kama mtu anavyomjibu daktari. Uzi mnene nausikia chini ya kitovu. Unaofuata, mbavuni. Miwili ya juu haifiki tumboni, hiyo naichukua kwa taya, ndiyo maana ya meno. Uso wa besi ukiwa mkavu nasikia vizuri, mvua ikinyesha siku tatu mbao inanenepa na sauti inakuwa kama uji. Ngoma za Artidoro nazipata kwa miguu kama sakafu ni ya mbao. Kama ni saruji, namtazama mikono. Besi ya Nilo ya ubao mzima haina kitu, ni kama kukumbatia mlango.

Sikukwambia kwa sababu ungerudi nyumbani. Nakujua. Ungefunga vitabu ukaja kuniandalia chai.

Kumwambia Wagner, hapana. Nimemjua Wagner tangu hatuna viatu. Ana moyo mzuri, na huo moyo ndio ninaouogopa. Akijua, siku ileile atanichinjia kuku. Watu watanipigia makofi nikishuka, wataninunulia bia, na kesho yake nitakuwa yule kiziwi aliyewahi kupiga besi. Heri waseme nakunywa. Mlevi huwa anasamehewa, anarudi. Kiziwi anarudi wapi?

Weka nguzo yako. Kaza inavyotakiwa. Na wewe usimwambie.

Baba yako,
Rildo


Lima, 20 Mei 1988

Baba,

Besi inapanda ndege kesho na Elvio. Safari hii nimeifunga kwenye sanduku, atalazimika kusimama kwenye basi kama watu wengine.

Nguzo imenitoa jasho. Mbao za hapa zote zilikuwa nzito mno, zilimeza mtetemo. Mwishowe Bwana Teófanes alinipa kipande cha ubao wa ndani wa piano bovu, mti mwepesi, mkavu, wenye nyuzi zilizonyooka. Niliuchonga, nikauingiza kwa kutumia waya kupitia tundu la kinasa sauti, nikausimamisha. Ukianguka, naanza upya. Ukisimama pabaya, besi inakuwa kama ina mafua. Niliusogeza upana wa ukucha kulia, nikaziba masikio, nikapiga. Upana wa ukucha nyuma, nikapiga. Bwana Teófanes alikuja siku ya tatu ya kazi hiyo akanikuta nimeikumbatia besi, nta masikioni, macho nimefumba. Alipiga kelele kunialika chakula, sikumsikia, akala sahani yangu. Nilimwelewa.

Kisha siku moja, baada ya kuisogeza kidogo sana, uzi mnene ulinigonga chini ya kitovu. Hapo uliposema. Nikafungua amplifaya hadi mwisho, nikasimama mbele ya spika. Haikunguruma. Ilihema tu, kama mtu aliyetaka kusema akaghairi.

Bega la juu sikuziba vishimo. Nimekata ukingo ule na kuweka mfupa wa ng'ombe, umechemshwa, umekaushwa, umeshika mbao moja kwa moja hadi ndani. Nimeuchonga kwa kufuata meno yako. Nyuzi zile mbili za juu zitakufikia sasa bila kuuma kwa nguvu, weka taya tu. Watu wataona pambo.

Kuhusu Mjomba Wagner. Niliandika barua ya kumwambia. Ilikuwa barua nzuri, yenye hoja. Niliichana, kwa sababu masikio ni yako. Lakini nataka ujue sikubaliani nawe hata kidogo. Unaiita heshima, mimi naona unabeba mzigo kwa mikono miwili na bado unataka kupiga besi. Sitamwambia. Ila siku akiniuliza, sitamdanganya.

Nina mitihani ya chuo wiki ya San Juan, siwezi kuja. Simama kwenye mbao, siyo kwenye saruji.

Zarela


Iquitos, 27 Juni 1988

Binti yangu Zarela,

Nakuandikia nikiwa sijalala vizuri tangu San Juan, na siyo kwa sababu ya vinywaji.

Besi ilipofika baba yako alikuja mazoezini akapiga, nami nikamwambia Nilo akae chini. Sikuelewa. Mtu aliyekuwa amepotea miezi mitatu alirudi nyumbani mara moja. Nikasema basi ni chombo tu, alikuwa hajazoea kile kingine. Haingurumi, binti yangu. Mikono yako ibarikiwe.

Siku yenyewe uwanja ulijaa, juane, ule wali wa kufungwa majanini, zinafunguliwa huku na huku, humisha imesimamishwa katikati, mchikichi mrefu umetundikwa ndoo, vitambaa, mabeseni, hadi baiskeli ya mtoto. Tulianza vizuri. Watu wanazunguka mti wameshikana mikono, panga linapita mkono kwa mkono, kila jozi inakata kidogo. Tukafika kwenye ule wimbo mrefu wa kumbia wa kuangusha mti.

Umeme ukakatika.

Unaijua Iquitos. Gitaa langu likafa mkononi, kinanda kikafa, mwimbaji kabaki anafungua mdomo kama samaki. Artidoro akashusha fimbo za ngoma. Wachezaji wakasimama, miluzi ikaanza, "Meya, lipa bili!" Mimi nikatua gitaa, nikasema ndani ya moyo wangu, basi, tumekwisha.

Halafu nikasikia kitu. Kidogo, cha mbao, kama mtu anagonga ukuta wa nyumba ya jirani. Nikageuka. Rildo bado anapiga. Macho kafumba, taya limelala juu ya mfupa ule mweupe, mguu unakanyaga. Nikadhani anafanya ushujaa. Nikamwita kama tunavyoitana sisi marafiki, "Kompadre!" Niko hatua mbili nyuma yake. Nikamwita tena. Nikapiga makofi kisogoni pake.

Zarela, alikuwa hajui umeme umekatika.

Kila nililokuandikia Aprili lilinirudia usoni, moja moja. Artidoro aliniangalia, nami nilimwangalia, akachukua fimbo akaingia polepole chini ya ile besi. Waliokuwa karibu wakanyamaza, wakawanyamazisha wa nyuma. "Shh, mzee anapiga." Wakaanza kuzunguka tena, wakikanyaga kwa nguvu ili wa mbali wafuate miguu. Humisha imeangushwa hivyo, kwa besi moja na ngoma, na baiskeli imemwangukia mpishi wa padri.

Umeme uliporudi sauti yake ilitoka kwenye spika kubwa ghafla, na alikuwa mahali palepale pa wimbo alipopaswa kuwa. Alifungua macho. Alituona sote tunamtazama, vyombo chini. Akaelewa kwamba tumejua.

Nataka kukuuliza jambo moja. Ulijua?

Wagner


Lima, 2 Julai 1988

Mjomba,

Nilijua.

Usimchinjie kuku.

Zarela


Iquitos, 10 Julai 1988

Mwanangu,

Wagner amekuja nyumbani. Na kuku, bila shaka, akiwa hai, amemshika miguu. Alisimama mlangoni akaanza hotuba. Niliisoma mdomoni mwake hadi "miaka mingi ya utumishi," nikamwambia, "Kompadre, utaniaga siku nitakayokosa mdundo. Nilikosa?" Akatikisa kichwa. "Basi mpe huyo ndege maji, ana kiu."

Akakaa. Akaniuliza tangu lini, nikamwambia. Akanitukana vibaya sana, najua kwa sababu alitukana polepole, makusudi, nisipitwe. Alisema amekuwa akinisema kwa watu kuwa nina kiburi. Nikamwambia kiburi ninacho pia.

Nilimwogopa bure, nusu. Nusu nyingine nilikuwa sahihi: kwenye mazoezi Alhamisi walikuwa wananikwepa kwa adabu, kila mtu ananisogezea kiti, Nilo kaniletea maji mara tatu. Nilivumilia nyimbo mbili. Kisha nikakosea makusudi, vibaya, nikawatazama. Hakuna aliyesema kitu. Nikaweka besi chini nikawaambia, "Nikikosea na hamnitukani, mmeshanizika." Ndipo Nilo, mtoto yule, akasimama mbele yangu nimwone mdomo, akasema, "Mzee, ulivyopiga hapo ni uchafu mtupu." Nikamkumbatia. Tulifanya kazi vizuri baada ya hapo.

Ulikuwa sahihi kuhusu mikono miwili. Sitaandika hilo tena, kwa hiyo tunza karatasi hii.

Jambo la kuona limeamuliwa hivi. Nitasimama juu ya ubao, katikati, nikimtazama Artidoro, na Wagner upande wake nimwone akihesabu. Maana yake watu nitawapa kisogo, kila Jumamosi. Wagner alisema si heshima. Nikamwambia watu hawaji kunitazama pua. Kura zikapigwa, nimeshinda.

Keshokutwa tunapiga mjini Nauta. Shangazi yako Lastenia amenivua shati tangu asubuhi, analipiga pasi upande wa nyuma tu. Anasema kama mto mzima utautazama mgongo wangu kuanzia sasa, basi mbele naweza kuwa nimekunjamana nipendavyo.

Baba yako,
Rildo Ahuanari
Besi, Pomboo wa Itaya